Sindano ya Mama na Simu Isiyosoma Laini

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika pembeni ya daftari la hesabu kwa hasira: "9:20, mara ya kumi na moja." Mara ya kumi na moja mama kuniita tangu asubuhi.

"Ng'wanone! Njoo unitungie."

Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma. Mama akiwa na haraka Kiswahili humtoka. Nilikaa kidogo kabla ya kuitika, kisha nikaenda, nikalamba uzi, nikaupitisha kwenye sindano, nikarudi ndani. Swali nililokuwa nalifanya likawa limeshaniponyoka.

Mama ni fundi cherehani. Anashonea barazani, hapa tunapopanga, mtaa wa Kambarage, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Macho yake yana ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, akifanyiwa upasuaji ataona. Mama akajibu sawa, nitarudi, na hajarudi. Anaogopa kisu, lakini anaogopa zaidi wateja wakijua. "Nani atampa kitambaa chake fundi anayepapasa?"

Kushona kwenyewe anashona vizuri, mikono yake inajua njia. Kinachomshinda ni tundu la sindano. Ana ujanja wake: akitaka kubadili rangi haondoi uzi wa zamani, anaufunga ule mpya kwenye mkia wake na kuvuta taratibu mpaka fundo lipite. Lakini uzi ukikatika palepale kwenye tundu, ujanja umeishia hapo, na nyuzi za siku hizi hazikawii kukatika. Ndipo ninapoitwa. Nimeitwa nikila, nimeitwa nikiwa chooni, nimeitwa nikiwa na povu kichwani. Ni dakika moja tu, kweli. Ila hizo dakika zikiwa kumi na moja, siku nzima imekwenda na hujui imekwenda wapi.

Jumamosi hiyo nilikuwa na uchovu mwingine juu ya huo. Jana yake mwalimu wa darasa alitangaza kwamba kidato cha nne tutaingia kambini, yaani tutalala shuleni mpaka mtihani wa taifa. Tuingie Jumatatu, siku kumi mbele. Godoro, ndoo, na barua ya mzazi. Wenzangu walipiga madawati kwa furaha. Mimi niliangalia viatu. Mimi naona aibu hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, sasa mama ningemwambia nini? Kwamba nataka kulala mahali ambapo sauti yake haifiki? Maana ndivyo ilivyokuwa. Masomo niliyataka, lakini zaidi nilitaka kukaa miezi mitatu bila mtu kuniita. Nikiwaza hivyo nilijiona mtoto mbaya, na bado niliendelea kuwaza.

Jioni hiyo nilichukua simu ya kaka nijifiche nayo kidogo. Kaka yangu yuko Geita, kwenye machimbo. Alipopata simu nyingine alitupa hii, imepasuka kioo, haisomi laini, na betri yake ukichomoa waya inakata hata hujamaliza kuamkia. Mama alitaka kuitupa. Mimi nikaifanya saa ya kuniamsha. Kisha nikaifanya redio: ukichomeka spika za masikioni inashika stesheni, kwa hiyo mama hupata taarifa ya habari huku waya umening'inia kama kamba ya mbuzi. Kisha nikawekewa mitihani ya miaka ya nyuma na rafiki yangu, nikawa naisoma kwenye ile nusu ya kioo isiyo na nyufa.

Ndani yake kaka aliacha picha. Si za watu. Ni mawe. Jiwe kwenye kiganja, jiwe juu ya gunia, jiwe limelowanishwa maji. Aliwahi kunieleza kwamba kule wakitilia shaka jiwe wanalisogezea kamera na kuvuta picha mpaka punje ya dhahabu ionekane, kama ipo. Nililivuta moja kwa vidole viwili. Kweli, kulikuwa na kitu cha njano kidogo kuliko chawa. Nikakaa nikakitazama. Kisha nikatazama barazani, mama ameinamia sindano mpaka pua inagusa chuma.

Jumapili baada ya kanisa nikamwambia, "Mama, tujaribu kitu."

"Hiyo simu si ilikufa?"

"Ilikufa masikio, mama. Jicho linaona."

Mara ya kwanza nilikosea. Niliwasha kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, nikaiegemeza nyuma ya sindano ikitutazama. Sindano ilionekana kubwa kama msumari. Lakini kamera hiyo inageuza kama kioo. Mama akipeleka uzi kulia, kwenye picha unaenda kushoto.

"Mkono wangu umelewa," akasema, akacheka. Akajaribu tena, uzi ukaipita sindano kwa mbali. "Huyu kaka yako ametuletea simu ya walevi."

Nikaigeuza nitumie kamera ya nyuma, sasa ikakosa pa kusimama. Nilichukua ndala iliyokatika mkanda, nikaichana mfereji kwa kisu, nikaichomeka simu humo kwa ubavu na kuifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye meza ya cherehani, mbele ya sindano. Nikavuta picha mpaka tundu likajaa kioo. Nikamfundisha: kioo kikizima, gusa kona ya juu kushoto, hiyo ndiyo pekee inayosikia kidole. Picha inachelewa kidogo, kwa hiyo usikimbize mkono, usubiri.

Jumapili alishindwa. Jumatatu nilipotoka shule nikasikia cherehani inakimbia. Nikaingia, nikavua sare, nikala kiporo, nikafungua daftari. Hakuna aliyeniita. Nilifanya maswali manne mfululizo. La tano nikashindwa kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Uzi ulikatika, nikajua kwa sauti ya miguu yake kusimama. Nikaweka kalamu chini, tayari. Kimya. Kisha miguu ikaanza tena. Nilifurahi, na hapohapo nikajisikia kama mtu aliyesahauliwa sokoni. Sijui niliseme vipi zaidi ya hapo.

Jumanne mambo yakafumuka. Alikuja mama mmoja wa kwaya, aliyeleta vitambaa vya sketi za bluu iliyokolea, sare ya kuvaa Jumapili. Binti yake nasoma naye.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umeshapata godoro?" Kisha kwa mama: "Wa kwangu ananisumbua hadi na kioo cha kujitazamia. Nikamwambia unaenda kambini kusoma au kuolewa? Wako je?"

Mama hakuinua uso. "Wangu hana shida," akasema.

Mgeni alipoondoka mama alimaliza mshono wake wote kwanza, akakata uzi kwa meno.

"Kambi gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na siku.

"Na ulikuwa unasubiri nini? Nisikie kwa watu?"

"Nilidhani utakataa."

"Nikatae kwa nini?"

Nikaitazama sindano. Naye akaitazama, au akatazama upande ilipo.

"Haya," akasema. "Zimebaki sketi nane. Usinishikie sindano hata mara moja. Nikizimaliza zote bila wewe, utaenda. Nikishindwa, utakuwa unaenda na kurudi kama sasa. Sitaki kudanganyana."

Jumatano akamaliza mbili. Usiku huo kaka akampigia mama kwenye simu yake ndogo ya kitochi, mama akamwambia simu yako imekuwa miwani. Nikamsikia kaka akicheka, akasema, "Mama, vumilia tu, duara letu likitema nakupeleka hospitali." Duara ni shimo lao, na kutema ni kutoa dhahabu. Amelisema hilo tangu mwaka juzi.

Alhamisi nilirudi saa kumi jioni nikiwa nimechoka mpaka miguu inaniwasha kwa vumbi. Mama alikuwa amekwenda dukani. Sketi nne mpya zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Sita kati ya nane, nikahesabu, na kesho Ijumaa. Nikaanza kuwaza ndoo ya rangi gani.

Nikanyanyua ya juu niitazame. Ilikuwa safi, zipu imenyooka. Ya pili vilevile. Ya tatu nikageuza pindo la chini, mkono ukasimama.

Uzi ulikuwa mweusi.

Bluu iliyokolea na nyeusi. Kwenye vigogo vya plastiki vinavyozungushiwa uzi, kwa macho yenye ukungu, ni kitu kimoja. Sindano ameitunga mwenyewe, bila mtu, kama tulivyopatana. Simu ilimwonyesha tundu. Haikumwambia rangi, na mimi katika kumfundisha kote sikuwahi kufikiria rangi, kwa sababu siku zote aliyemletea uzi ni mimi. Ya nne nayo nyeusi. Pindo lote, mzunguko mzima, mstari kama wa kalamu.

Nikasikia ndala zake uani. Nikazikunja zote nne kama nilivyozikuta.

"Umeziona?" akauliza, uso umemng'aa.

"Nimeziona, mama."

"Wabeja, ng'wanone. Simu yako imefanya kazi." Wabeja ni asante.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilimwambia naenda kuteka maji. Bombani nilisimama kwenye foleni na ndoo tupu, nikipiga hesabu ambayo haimo kwenye silabasi yoyote. Nikisema, atafumua, atahitaji mtu wa kumchagulia uzi, na mtu huyo ni mimi, na kambi imekwisha. Nisiposema, Jumapili wanakwaya wawili watasimama mbele ya kanisa zima, na yule mama wa godoro ana macho ya mwewe. Mambo mengine mama angesamehewa. Hili lingekwenda mtaa kwa mtaa: fundi haoni. Nikawaza pia, labda hawatagundua. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Ilipofika zamu yangu mtu aliyekuwa nyuma alinisukuma, "Dada, kinga au pisha."

Nilikula, nikalala mapema. Nilichoka na kila kitu, na zaidi nilijichoka mwenyewe.

Asubuhi yake, Ijumaa, simu iliniamsha saa kumi na moja na nusu. Nikaizima kabla haijamwamsha mama. Nilichukua kisu cha jikoni na boksi la nyuzi, nikakaa kizingitini palipoanza kuwa na mwanga. Kigogo cha uzi mweusi nikakichonga pengo moja ukingoni. Cha bluu iliyokolea, mapengo mawili. Cheupe nikakiacha laini. Chekundu matatu. Plastiki ngumu, ilinikata kidole gumba. Kisha nikachukua wembe na ile sketi ya tatu, nikaanza kufumua pindo.

Mama alitoka na khanga begani, akanikuta.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, sijui kwa nini. Labda kupunguza.

Akainama, akaokota kigogo kimoja miguuni pangu, akakipitisha kwenye kidole.

"Hiki chenye meno mawili ni kipi?"

"Bluu ya sketi."

Akaokota kingine, akakizungusha. "Na hiki chenye moja?"

"Nyeusi."

Aliviweka vyote viwili kwenye kiganja, akavipima kama vitu vya kununua.

"Sketi ngapi?"

"Mbili, mama. Niliziona jana. Nikanyamaza."

"Ili uende."

"Ndiyo."

Alivuta kiti, akakaa. Jirani alikuwa anafagia, vumbi likaja mpaka kwetu.

"Tulisema nimalize bila wewe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tulisema sindano. Hatukusema wembe." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo nyingine, tufumue wote. Hii kazi ni ya vidole, hata kipofu anafanya."

Tukafumua. Yeye alimaliza kabla yangu. Kisha akachomeka waya wa simu, akagusa kona ya juu kushoto, akapapasa boksini mpaka akapata meno mawili. Akasubiri picha imfikie. Nilikaa juu ya mikono yangu. Uzi ulikosa mara moja, ukakosa tena, ukaingia.

"Unanitazama nini?" akasema, macho kwenye kioo. "Katoe lile godoro, lina kunguni. Liwekwe juani mpaka Jumapili, usije ukawapelekea wenzako kambini."

Nikalitoa. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, nikalikokota mpaka uani peke yangu, nikaliegemeza ukutani, nikarudi kuvaa sare. Shuleni nilichelewa, nikapewa darasa la kufagia.