Jogoo wa Mwezi wa Nane

Persis wa Nyaramba hakupenda kukutwa na mgeni hajajiandaa. Mdogo wake Ogeto, anayeishi Marekani, alipomwandikia kwamba atafika 5/8, Persis alinunua kifaranga amlee hadi mwezi wa nane.

Tarehe nane mwezi wa tano alirudi kutoka kuchuma chai, matope hadi magotini, akamkuta Ogeto mlangoni na begi lake.

“Dada, kwetu mwezi ndio hutangulia.”

“Kwenu wapi? Si ulizaliwa nyumba hii hii!”

Kifaranga alikuwa bado mdogo, basi wakala ugali na mboga za chinsaga, na baada ya wiki Ogeto akarudi zake.

Tarehe tano mwezi wa nane, Persis alichinja jogoo, akampakulia Ogeto sahani yake, akaipiga picha na kumtumia.

“Chakula kinapoa. Uko wapi?”