Samaki Wenye Minyoo Niliompa Mado

Nilijua samaki wana minyoo, na bado niliwatoa zawadi. Msinitafutie sababu nzuri, haipo.

Mimi ni msusi hapa Kisangani. Saluni yangu ina akwariamu ya samaki wadogo wa mtoni, anaoniletea tonton, mjomba wangu, mvuvi wa maporomoko ya Wagenia. Wateja hunicheka: "Mama, ile samaki utaikaranga siku gani?" Nimezoea. Nawapenda, na siombi ruhusa ya mtu.

Siku moja niliona nyuzi nyekundu zikichungulia nyuma ya samaki wawili, pale wanapotolea choo. Minyoo. Juma hilohilo rafiki yangu wa tangu shule, Mado, alikuwa anafungua malewa yake ya kuuzia chakula. Naye alifuga samaki, wale aliowaacha marehemu papa yake, baba aliyemzaa. Akaniomba wawili wa kuongezea.

"Iko bazima?" akauliza.

"Bazima kabisa."

Niliona aibu. Nani angekuja kusukwa penye minyoo? Nikampa walewale wawili, watoke machoni pa wateja.

Bon, haya, nikaenda kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya waliobaki. Akanipa dawa ya minyoo ya mbuzi, akaipima kulingana na wingi wa maji yangu. "Kesho ufyonze uchafu yote ya chini, ubadilishe maji. Juma tatu zikipita utarudilia dawa, hata kama unaona bamepona."

Nikafanya yote. Wangu wakapona. Dawa ikabaki, na Mado sikumwambia neno.

Wake wakakonda, wakafa mmoja mmoja, mpaka wa mwisho wa papa yake. Ndipo nikaenda kusema ukweli.

"Ulikuwa na dawa?" akauliza.

"Ndiyo."

Akanifungulia mlango nitoke. Hajanisemesha tena.

Sasa mashangazi zangu wananiambia nimwage akwariamu, eti samaki tu ndiyo imevunja urafiki. Simwagi. Samaki hawakudanganya mtu, nilidanganya mimi. Watabaki palepale mbele ya kioo, na mteja akiuliza namwambia wazi: walikuwa na minyoo, nikawatibu, na wa mwenzangu niliwaua kwa kunyamaza. Asiyetaka kusukwa hapa, aende kwingine.

Wewe unayefuga, samaki mgeni mweke kwanza peke yake kwenye beseni, umtazame majuma kadhaa. Ukiona uzi mwekundu, usimpe mtu. Na kama umeshatoa, nenda ukaseme leo. Atakasirika. Mwache akasirike, samaki wake wangali hai.