Shaaban ya Timu Yetu

Mwalimu wa timu yetu ya wasichana alirudi kutoka kozi ya afya ya wanamichezo wanawake akiwa na saa ya kupimia mbio, daftari jipya na furaha ya kupitiliza. Kila alasiri, kwenye uwanja wetu wa Ndagoni, alitupima mapigo ya moyo, akatukimbiza, akaandika. Mimi, golikipa, nilipenda mno kupimwa. Nilijiona mchezaji wa kimataifa.

Ulipoingia mwezi wa Shaaban, daftari likaanza kumtisha mwalimu. Mshambuliaji wetu, ambaye siku zote hukimbia kama mwizi wa kuku, sasa alitembea. Siku tatu kabla ya mechi na timu ya kijiji cha Kanga, mwalimu akatukusanya, kwa sauti ya msibani. "Nyinyi damu imepungua. Sipeleki wagonjwa uwanjani. Mechi naifuta."

Tukainamisha vichwa. Hatukuwa wagonjwa, tulikuwa tumefunga. Mwanamke akiingia mwezini katika Ramadhani huacha swaumu siku zile na kuzilipa baadaye, na sisi tulikuwa tumezembea mpaka Ramadhani nyingine iko mlangoni. Lakini utamwambiaje mwanamume jambo hilo, tena kijana wa mtaani kwenu?

Mechi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Nikafumba macho.

"Mwalimu, tunalipa."

"Mnalipa nini?"

"Ramadhani."

Masikio yalimwiva kwa haya. "Dada zangu wote wako kwenye kulipa," akasema polepole. "Na mihogo ya futari nawanunulia mimi." Tulicheka hadi beki mmoja akakaa chini. Papo hapo akapanga upya: anayelipa afanye mazoezi mepesi, na siku ya mechi kila mtu ale.

Kanga tulifika tumeshiba, tunaimba. Hadi mapumziko tulikuwa na mabao mawili, wao hawana kitu, nami golini nilikuwa nacheza ngoma peke yangu. Kisha nikaiona ndoo yao ya maji. Hakuna aliyeigusa, na jua lile. Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Wenzangu walinikonyeza ninyamaze, na kusema kweli nilitaka kunyamaza. Miguu ikanipeleka kwa kocha wao, mtu mzima wa heshima zake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wachezaji wako wamefunga. Wanalipa Ramadhani."

Wasichana wake wakajifunika nyuso kwa mitandio. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akashika kiuno, akacheka. Akaomba nusu iliyobaki tuimalizie baada ya Idi, na mwalimu wetu akakubali kabla hatujafungua midomo. Wenzangu walininunia njia nzima. Mimi nilikuwa na raha ya ajabu, nashindwa kuificha.

Baada ya Idi walikuja kwetu wameshiba, mbio zao sijawahi kuziona. Wakatushinda tatu kwa mbili. Bao la tatu lilipita katikati ya miguu yangu, na msichana aliyelifunga akaja kuninyanyua, akaniambia, "Ahsante, dada."