Bahari Chini ya Kanisa

Mahindi yakishavunwa na theluji ikafunika mabua, wanawake wa mji ule hushuka kwenye chumba cha chini ya kanisa wakatengeneza bahari. Wengi wao hawajawahi kuiona. Kutoka Nebraska, katikati ya Marekani, hadi maji ya chumvi ni safari ndefu ya gari, na mke wa mkulima hana likizo. Lakini baridi ikikaza, mtu huchoka kutazama weupe, na wino wa buluu hauombi ruhusa ya mtu.

Verlene Kubicek alikuwa miongoni mwao tangu chama chao cha kutengeneza kadi kianze. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono mipana, aliyepika chakula cha shule mpaka akastaafu. Kadi zake za pongezi na za pole zilijulikana. Alipaka plasta laini ikawa povu la mawimbi, akabandika kipande cha bandeji kikawa wavu, akanyunyiza mchanga kidogo juu ya gundi. Kasa wa karatasi alimkata kwa kibati chembamba chenye makali ya umbo lake, katika mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Samaki wa nyuma aliwagonga kwa muhuri, na muhuri wenyewe aliugonga kwanza kwenye karatasi ya kutupa, ndipo akaugonga kwenye kadi, wino ukiwa umeshapungua. Hivyo samaki wakaonekana wako mbali, kama watu unaowakumbuka nusunusu.

Desturi ya chama ilikuwa ya kubadilishana. Kila mwezi kila mmoja alitengeneza kadi za namna moja, moja kwa kila mwenzake, akaandika jina lake nyuma na kuzitia katika kikapu. Jolene Vavra, aliyekiongoza chama, ndiye aliyezigawa. Aliyetoa ndiye aliyepokea. Aliyeshindwa aliambiwa kwa upole alete keki tu, na hakuna aliyekuwa hajui maana yake. Keki ilikuwa kwaheri iliyotiwa sukari.

Kisha macho ya Verlene yakamgeuka. Pembeni aliona, lakini katikati ya kila alichokitazama palitanda ukungu. Akimtazama mtu, masikio yalibaki na uso ukapotea. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi.

"Mama, achana na hayo makadi," binti yake Trudy alimwambia. "Dukani yamejaa tele."

"Ya dukani utanunua siku ya kunizika," Verlene akajibu. "Nipe hiyo gundi."

Alianza upya kama mtoto wa chekechea. Upande wa kibati wenye makali aliujua kwa ncha ya kidole. Mpaka wa karatasi aliupima kwa ukucha wa gumba. Pedi ya wino wa buluu aliivisha mpira mmoja wa kufungia ili aitambue kwa kugusa, ya zambarau miwili, ya kijani akaiacha uchi. Samaki wale hafifu hakuwaona tena kabisa, lakini aliendelea kuwagonga, kwanza kwenye karatasi ya kutupa, kisha kwenye kadi. Bahari isiyo na kitu nyuma yake, alisema, ni beseni tu.

Wenzake walipozipokea kadi zake walisema zimependeza. Walisema haraka, wote kwa pamoja. Verlene alikwenda nazo sifa hizo nyumbani akazikalia kama kuku juu ya mayai, akingoja zimpe joto.

Mwezi wa Februari mwenzao Arlys Dolezal alianguka kwenye barafu akavunjika nyonga. Verlene alimpelekea mikate ya kolachi, ile yenye jamu ya aprikoti katikati. Alimkuta amelala sebuleni, kadi za chama zimening'inizwa kwenye uzi dirishani.

"Ya kwako hiyo hapo mwisho," Arlys alisema. "Ndiyo ninayoitazama asubuhi nikingoja dawa zifanye kazi."

Verlene akanyoosha mkono akaigusa kadi. Kidole kilipanda kwenye povu, kikapita wavu, kikafika kwa kasa, kikasimama. Kasa alikuwa ameinuka. Chini yake kulikuwa na kipande cha sponji, kile wanachokiweka ili umbo lisimame. Verlene hakuwahi kutumia sponji maishani mwake. Posta hutoza zaidi kadi nene, na yeye aliamini kadi isiyosafiri si kadi. Kasa wake wote walilala bapa, wamegandana na karatasi.

"Arlys, nyuma pana jina la nani?"

"Lako. La nani tena?"

"Na kasa huyu ni wa nani?"

Arlys alivuta blanketi lake. Mashine ya kupasha nyumba moto ikanguruma, ikanyamaza.

"Jolene alisema azinyooshe kidogo tu," alisema hatimaye. "Zilikuwa zimekwenda upande, shoga. Akaona heri azirudie kuliko watu wakusikitikie."

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya kwanza."

"Na nyote mnajua."

"Tunakupenda, Verlene."

"Hilo sikuuliza."

Alikaa akanywa kahawa yake mpaka mwisho, kwa sababu Arlys alikuwa mgonjwa na hakustahili kuachwa na kikombe kilichojaa. Trudy akamrudisha Verlene nyumbani kwa gari. Kilichomuuma si kwamba kadi zake zilikuwa mbaya. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameshatolewa chamani, na hakuna aliyemwambia. Jina lake lilikuwa likihudhuria bila yeye.

Akaazimia jambo moja: kadi itakayobeba jina lake itatoka mikononi mwake, au haitatoka.

Siku ya mkutano uliofuata alishuka ngazi za kanisa akishika ukuta, sanduku lake la zana kwapani. Jolene alimpokea mlangoni, akinukia sabuni ya maua kama kawaida yake.

"Nipe nikutilie kikapuni, mpenzi."

"Leo nagawa mwenyewe."

"Utajichosha bure."

"Jolene, nimemgusa yule kasa wa Arlys."

Vijiko vikaacha kugonga vikombe. Jolene akavuta kiti, akakaa.

"Nilifanya kwa mapenzi," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ungekuwa na chuki, mtu angekwisha kuniambia zamani." Verlene akazitoa kadi zake, akazipanga mezani. "Sasa nataka mtu asiyenipenda sana aniambie nimefanya nini. Rhonda yupo?"

Wanawake wakacheka bila kutaka. Rhonda Pospisil alikuwa na ulimi wa pilipili. Chamani walimvumilia kwa sababu ya gari lake kubwa lenye kubeba meza.

"Nipo, bibie," Rhonda alisema. Akainua kadi, akaisogeza kwenye taa. "Kasa amepinda, lakini nimeona wanaume waliopinda zaidi na wakaoa. Wavu mzuri. Povu zuri."

"Bahari je?"

"Bahari yako ya zambarau."

"Rhonda," Jolene alimkemea.

"Ameuliza, nimejibu. Zambarau kama jamu ya zabibu."

Verlene alifungua sanduku akapapasa pedi zake. Mbili zilikuwa na mpira mmoja mmoja. Chini kabisa ndani ya sanduku, kidole chake kikakuta mpira wa pili wa ile ya zambarau, umekatika.

"Tuziache tu," mtu mmoja alisema. "Jua likizama bahari huwa hivyo."

"Umeiona wapi, Marcella?" Rhonda akauliza.

"Kwenye kalenda."

"Nilikusudia buluu," Verlene alisema. Akazikusanya kadi zote, akazirudisha sandukuni, akafunga kifuniko. "Nitazirudia hapa hapa. Rhonda, kaa karibu yangu. Utanitajia rangi. Usinitajie kingine chochote, hata nikikosea."

"Hata ukijigonga muhuri usoni?"

"Hapo ndipo unyamaze zaidi."

Akaanza. Rhonda akazitaja pedi; ile ya zambarau Verlene akaivisha mpira mpya, ya buluu ndiyo akapaka nayo. Akakata kasa kwa mashine ya Jolene, mshindo wa kibati kikipita kati ya roli ukamfurahisha kama zamani. Wenzake walirudi kwenye kazi zao, wakizungumza kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Alipoweka kasa juu ya gundi, mkono mwingine ulikuja polepole kutoka upande wa pili wa meza. Aliuona kwa pembe ya jicho, pale ambapo bado kulikuwa na nuru. Akaushika kifundo kabla haujafika.

"Usimguse," alisema.

"Anaangalia chini, Verlene."

"Anatafuta chakula."

Jolene aliurudisha mkono wake, akauweka juu ya mapaja, akauacha huko. Verlene akageuza kadi. Akaandika jina lake kwa kalamu nene, herufi zikiteremka kama watu wanaoshuka kilima, akaliandika lote. Kisha akaisukuma kadi juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Jolene.

"Hii yako. Ukienda nayo nyumbani, iache ilivyo."

Jolene akaishika kwa kingo zake. Verlene hakuweza kuuona uso wake, wala hakujaribu.

"Nitaiacha," Jolene alisema.

"Buluu tena, Rhonda," Verlene akasema, vidole vyake tayari vikitafuta karatasi ya pili.