Mifuko ya Suruali ya Hirwa

Fundi cherehani wa Mbugangari, kando ya ziwa, ana mkasi shingoni, lakini uzi huukata kwa meno, na akikasirika huutafuna kabisa. Leo anautafuna. Mwanawe Hirwa, mtu mzima na ndevu zake, ambaye mama huyu mwenyewe alimfukuza nyumbani kwa sababu ya ulevi, amemtuma jirani Laurence alete suruali ipunguzwe kiuno. Kumbe amekonda hivi? Fundi akaipunguza, kisha akaishona mifuko ikazibika, Hirwa asipate pa kutia chupa. Akaifumua: na baridi hii ya ziwani, mikono ataiweka wapi? Akaanza kuishona upya.

“Bon, Mama, nimuambie mutoto nini?” Laurence aliuliza.

“Mwambie asikanyage kwangu!”

Akamrushia suruali, mfuko mmoja umeshonwa, wa pili uko wazi.