Fundi Aliyesoma Mara Mbili

Basi lilikuwa bado na safari ndefu mbele, lakini mgeni hakuwa na nguvu nayo tena. Homa ilimshusha katika mji asioujua, ikampitisha zahanati, kisha ikamlaza katika chumba cha kupangisha nyuma ya duka la fundi cherehani. Alikuwa mtu wa nchi nyingi na lugha saba, na zote saba zilishindwa na mwandiko wa daktari mmoja. Akakibana cheti cha dawa kifuani, akafumba macho, akamwita mwenye nyumba.

"Mama fundi, nisomee."

Cherehani ikanyamaza. Alisikia maji ya kutawadha, kisha ndara sakafuni, kisha kiti kikivutwa. Kiganja chenye harufu ya mafuta ya mashine kikatua kwenye paji la uso wake, na sauti ya chini, isiyo na haraka, ikaanza Alhamdu. Mgeni hakuthubutu kuikatiza. Zikafuata sura tatu fupi, kisha mama akapuliza viganjani na kumpangusa navyo kichwani hadi mabegani.

"Ahsante sana, mama," mgeni alisema. "Ila nilimaanisha karatasi."

Fundi akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akacheka mpaka futi ya kupimia ikamponyoka shingoni.

"Miaka miwili sijamsomea mtu. Wewe umenirudisha kazini kwa cheti cha malaria."

Akavaa miwani, akasoma na cheti: asubuhi na jioni, siku tatu, baada ya kula, asiache katikati akijiona nafuu. Hakuondoka mpaka kidonge kikamezwa.

Kesho yake homa ilikuwa imelegea. Mgeni akajikongoja hadi dukani, akamkuta akikunja pindo la gauni, akauliza kwa nini miaka miwili.

"Kaka yetu alisema nafanya uganga. Nikaenda kwa imamu. Akaniambia masahaba walimsomea Alhamdu mtu aliyeumwa na nge, na Mtume akawakubalia. Kisomo kinaruhusiwa, mradi kiwe cha Kurani yenyewe, si maneno ya mafumbo, nami nisijione ndiye ninayeponya."

"Sasa uliacha kwa nini?"

"Dada yangu. Ana kisukari, na kidonda mguuni. Nikimsomea tu, vidonge anavitia chini ya mto. 'Nishasomewa, vya nini tena?' Nikaona kisomo changu kitamkata mguu. Nikaacha. Akaninunia, na dawa hamezi vilevile."

Sindano ikasimama katikati ya kitambaa. Fundi alikuwa akikiangalia cheti cha mgeni kilichochungulia mfukoni. Kisha akachukua simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekumbuka kuwa nipo?"

"Nakuja kukusomea."

"Usinitanie, mdogo wangu."

"Sikutanii. Nitakusomea Alhamdu, kisha nitakusomea cheti cha daktari, na utameza nikiona. Kisomo ni kimoja. Ukikataa nusu, umekataa chote."

"Ulianza lini kushona na maneno?"

"Nijibu, dada."

Mgeni aliinamisha uso, akajifanya anahesabu vifungo kwenye kopo.

"Basi uje na miwani," dada akasema. "Mwandiko wa daktari wangu ni balaa."

Fundi akaweka simu mezani, akajifuta macho kwa ncha ya gauni la mteja. "Alhamdulillahi," akasema, safari hii bila kumsomea yeyote.

Fundi aliondoka asubuhi iliyofuata, begi mkononi, miwani tayari puani. Mgeni alitaka kumshukuru kwa maneno marefu aliyokuwa ameyaandaa.

"Mshukuru aliyekuponya. Mimi nimesoma tu. Na vya leo usivisahau."

Alipokwisha kukata kona, mteja akaja kuulizia gauni lake.

"Fundi amekwenda kusoma," mgeni akamwambia.

"Umri ule? Darasa la ngapi?"

"Kumsomea dada yake," mgeni akajisahihisha, akaenda kutafuta maji ya kumezea kidonge.