Samaki wa Mbasela

Kwanza nilisikia chaki. Ilikwaruza ubao nami nikiwa bado nje, nazunguka ukuta wa darasa, na kwa mkwaruzo ule nikajua yaya hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa amerudia darasa. Baba alikwisha sema kwamba akianguka tena mtihani wa hesabu, hataenda shule ya bweni ya misheni. Atabaki hapa Nchelenge, kando ya ziwa, na mama, akianika samaki. Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja upepo wa kesho.

Nikakaa kizingitini. Ubaoni palikuwa na mafungu matatu ya samaki, yote sawa, na samaki sita pembeni. Jumla, thelathini na sita. Idadi ya kila fungu mwalimu alikuwa ameificha: mahali pake palichorwa kisanduku kitupu. Yaya alitoa sita, akabaki na thelathini, akagawa kwa tatu. Mpaka hapo mkono wake haukusita. Kisha ndani ya kisanduku akaandika tisa.

Mwalimu, mtu mzima kutoka bara, mbali na ziwa, akamwuliza yule mmoja amepotelea wapi.

Yaya alimjibu kwa Kiswahili cha soko, kana kwamba jambo lenyewe halisemeki kwa lugha nyingine. "Hakupotea, Mwalimu. Moya iko ya mbasela. Ile hatuihesabu."

Kwetu kila fungu lilikuwa na samaki wa juu, wa bure. Wanunuzi wa upande wa Kongo walimtafuta kwa macho kabla ya kuuliza bei, na mama angefunga fungu bila yeye, mtumbwi wao ungepita moja kwa moja hadi soko la Mununga. Fungu la samaki tisa lilikuwa na samaki kumi. Hata mimi sikuona kosa.

Mwalimu alicheka, kisha akaacha alipoona yaya hacheki.

"Sikiliza, mwanangu. Kwenye karatasi hakuna mnunuzi. Andika kila samaki aliyemo."

"Hata wa bure?"

"Hata wa bure."

Yaya alifuta tisa kwa kiganja, polepole.

Siku ya mtihani nilimngoja nje. Akaniambia mafungu yalikuwepo, safari hii ya mihogo, na kwamba ameandika yote bila kubakiza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemnyima mteja haki yake.

Alifaulu. Baba alikwenda kuazima sanduku la bati kwa jirani. Mama alilia kidogo, kisha akarudi kugeuza samaki juani.

Asubuhi ya kwenda bweni, lori lilipopiga honi barabarani, mama alimrekebisha yaya kola, akamwambia, "Enda, mutoto wangu. Usichelewe." Yaya akainua sanduku, akainama kidogo kupita mlangoni, na kwa mkono uliobaki akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.